Kamsa Bila Mwizi: Kuelewa Shambulio la Hofu na Ugonjwa Wake

Utangulizi

Ilikuwa muhula wa pili wa mwaka wetu wa tatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la isimujamii, nikiwasilisha kazi ambayo nilikuwa nimeiandaa kwa majuma mawili. Mada niliijua barabara, hadhira niliizoea, na mhadhiri wetu alikuwa mtu mpole asiyekuwa na desturi ya kumkemea mwanafunzi. Ghafla bin vuu, moyo ukaanza kunidunda kwa kishindo. Pumzi ikanipaa, kijasho chembamba kikanitoka, na vidole vyangu vikafa ganzi. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kana kwamba ni ya mtu mwingine anayezungumza kutoka chumba cha pili. Jambo moja tu ndilo nililokuwa na yakini nalo wakati ule: kwamba ninakufa.

Nilitoka nje bila kuomba ruhusa. Baada ya takriban robo saa nilikuwa nimeketi chini ya mti, hai, nimechoka tiki, na nimejaa aibu. Katika zahanati nilipimwa moyo, damu na presha. Nikaambiwa, "Huna kitu." Kauli hiyo, ambayo ilikusudiwa kunituliza, ilinitia hofu zaidi. Iwapo sikuwa na kitu, basi ni kitu gani kilichonipata?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo. Nitaeleza shambulio la hofu ni nini, linavyotokea mwilini, na namna linavyoweza kugeuka kuwa ugonjwa. Aidha, kwa kuwa jarida letu ni la wapenzi wa Kiswahili, nitaligusia suala la istilahi, maadamu nimeshuhudia kwamba jina analolipa mtu tatizo lake ndilo linaloamua mahali atakapokwenda kulitafutia dawa. Ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si tabibu. Nayaandika haya kama mwanafunzi wa lugha aliyepatwa na jambo, akasoma, akatibiwa, na akaona vyema kuwafaa wenzake.

Majina matatu, njia tatu

Siku chache baada ya tukio lile nilipewa majina matatu ya hali yangu. Mwenzangu wa chumbani aliniambia ni presha. Shangazi yangu, nilipompigia simu, alisema bila kusita kuwa ni jicho la hasidi, kwani mimi ndimi wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Wanadarasa wenzangu, kwa mzaha usiokuwa na ubaya, waliuita uoga wa jukwaani.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi kila jina lilivyokuwa na njia yake. Jina la presha lilinipeleka kwenye duka la dawa, nikataka kununua vidonge vya maradhi ambayo sikuwa nayo. Jina la hasidi lingenipeleka kwa mganga, nami ningerejea nikiwa ninamshuku jirani. Jina la uoga lilinipeleka kwenye kimya, kwa sababu mwoga hana la kumwambia daktari. Hakuna hata moja kati ya majina hayo lililoniambia ukweli. Hata hivyo, walionipa majina hayo hawakuwa wajinga. Walichukua maneno yaliyokuwepo katika ghala la lugha. La haki halikuwepo, au lilikuwepo lakini halijulikani.

Shambulio la hofu ni nini?

Shambulio la hofu ni mlipuko wa ghafla wa woga mkali unaofika kileleni katika muda wa dakika chache, aghalabu kabla ya dakika 10 kupita, kisha ukaanza kushuka wenyewe. Mwongozo wa Chama cha Matabibu wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unataja dalili 13, na unasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa amepatwa na shambulio kamili anapokuwa na dalili nne au zaidi kwa pamoja.

Dalili nyingi ni za mwili. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, viungo hutetemeka, pumzi hukatika, koo huwa kana kwamba limekabwa, kifua huuma, tumbo huchafuka, kichwa huzunguka, mwili hupata baridi au joto la ghafla, na vidole au midomo hufa ganzi. Dalili tatu zilizosalia ni za nafsi: kuhisi kwamba ulimwengu au nafsi ya mtu si halisi, kuogopa kurukwa na akili, na kuogopa kufa. Kwa sababu dalili kumi kati ya hizo zinauhusu mwili, si ajabu kwamba wengi wa wanaopatwa kwa mara ya kwanza hukimbilia hospitali wakidhani ni ugonjwa wa moyo.

Tena hawafanyi kosa kukimbilia huko. Tezi ya shingoni inapofanya kazi kupita kiasi, moyo unapokosa mpangilio katika mapigo yake, pumu, upungufu wa damu, au kupungua kwa sukari mwilini, yote hayo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Hivyo basi, anayepatwa kwa mara ya kwanza, hasa akiwa na maumivu ya kifua, sharti apimwe na daktari. Kosa huanza pale vipimo vinapotoka vikiwa safi, mgonjwa akarudishwa nyumbani bila maelezo yoyote.

Je, hali hii ni adimu? La hasha. Tafiti zilizofanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 25, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, zilionyesha kwamba takriban asilimia 13 ya watu hupatwa na shambulio la hofu angalau mara moja maishani. Wanaofikia kiwango cha ugonjwa ni wachache mno: asilimia 1.7 hivi. Katika darasa la wanafunzi 40, kwa makadirio hayo, watano huenda wakaonja hali hii wakati mmoja au mwingine wa maisha yao, ilhali huenda asiwepo hata mmoja atakayeugua. Ugonjwa wenyewe huwapata wanawake takriban mara mbili zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza katika umri wa ujana na miaka ya ishirini, yaani umri uleule wa wanafunzi wa vyuo.

Kinachotendeka mwilini

Sote tunaijua kamsa. Usiku wa manane jirani akipiga unyende, kijiji kizima huamka. Hakuna anayesubiri ithibati. Wanaume kwa wanawake hutoka na tochi na marungu, mbwa hubweka, watoto hulia. Kijiji kinachongoja kwanza kuthibitisha kama kweli kuna mwizi kitaibiwa kila siku. Kamsa ina manufaa kwa sababu huja upesi kuliko fikra.

Mwili wa binadamu nao una mpiga kamsa wake. Katika vilindi vya ubongo mna sehemu ndogo, umbo lake mithili ya lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake moja ni kuhisi hatari na kuuamsha mwili kabla akili haijamaliza kutafakari. Mnamo mwaka 1915, mwanafiziolojia wa Marekani aitwaye Walter Cannon alieleza kwa kina jinsi mwili unavyojiandaa ama kupigana ama kutoroka. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ipate damu ya kutosha. Mapafu huvuta hewa kwa wingi. Jasho hutoka ili mwili usipate joto kupindukia. Tumbo husitisha kazi yake, kwani aliyekutana na simba hana haja ya kusaga chakula.

Zingatia kwamba kila dalili niliyoitaja awali imo katika orodha hiyo ya maandalizi. Hata ganzi na kizunguzungu vina sababu. Mtu anapotweta bila kukimbia, huitoa mwilini hewa ya kaboni kuliko inavyohitajika. Hewa hiyo inapopungua katika damu, mishipa ya damu ya ubongo hujibana kidogo na kichwa huwa chepesi, nazo neva za vidole na midomo huanza kuwasha na kufa ganzi. Mtu hudhani anakosa hewa, kumbe anaivuta kupita kiasi. Vilevile hudhani atazirai, ilhali kuzirai ni nadra katika shambulio la hofu, kwa kuwa msukumo wa damu kwa kawaida hupanda badala ya kushuka.

Kwa hiyo, shambulio la hofu ni kamsa iliyopigwa bila mwizi kuwepo. Kijiji kimeamka, marungu yameinuliwa, taa zimewashwa, lakini uani hamna mtu. Mwili haujaharibika. Unafanya kazi yake sawasawa, ila katika wakati usiofaa. Hii ndiyo sababu vipimo hutoka vikiwa safi, na pia ndiyo sababu kauli ya "huna kitu" si sahihi. Kitu kipo, lakini si katika moyo wala katika mapafu.

Mambo kadhaa humfanya mpiga kamsa awe mwepesi wa kupiga unyende: kurithi maumbile ya aina hiyo kutoka kwa wazazi, msongo wa muda mrefu, msiba, na kukosa usingizi. Kwa wanafunzi yafaa kutaja kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu, na miraa au muguka unaotafunwa ili mtu akeshe akisoma. Vitu hivi vyote huchangamsha neva na kuupeleka moyo mbio. Mwanafunzi akikesha siku tatu kabla ya mtihani huku akivitumia, atakuwa amemweka mpiga kamsa wake macho pima.

Kutoka shambulio hadi ugonjwa

Nimesema kwamba wengi hupatwa na shambulio, lakini wachache tu ndio huugua. Ni kipi kinachowatenganisha?

Wahenga walilinena jambo hili waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya shambulio la kwanza, mtu huanza kuuchunguza mwili wake kwa makini ya mlinzi. Akipanda ngazi moyo ukaenda kasi kidogo, ambalo ni jambo la kawaida, yeye hujiuliza, "Je, ndiyo inaanza tena?" Swali hilo lenyewe huzua hofu. Hofu hummwagia adrenalini. Adrenalini huzidisha mapigo ya moyo. Naye, anapoyahisi mapigo yamezidi, husadiki kwamba alivyodhani ndivyo. Katika muda wa dakika mbili tatu, ung'ongo umekuwa nyoka. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliufafanua mzunguko huu mnamo mwaka 1986, akaonyesha kwamba kiini chake ni tafsiri potofu: mtu hutafsiri hisia za kawaida za mwili kuwa ishara za maangamizi.

Kwa mujibu wa mwongozo niliotaja, ugonjwa huthibitishwa pale mashambulio yanapojirudia bila kutarajiwa, na kufuatiwa na mwezi mmoja au zaidi wa kuishi kwa hofu ya shambulio jingine, au wa kubadilisha mwenendo kwa ajili ya hofu hiyo. Kwa maneno mengine, ugonjwa ni hofu ya kuiogopa hofu.

Mabadiliko hayo ya mwenendo huingia kimyakimya. Mimi nilianza kuketi karibu na mlango. Kisha nikawa siingii darasani bila chupa ya maji. Kisha nikaacha kupanda matatu iliyojaa, nikawa natembea kwa miguu mwendo wa saa nzima hadi chuoni. Kisha nikaanza kukosa mihadhara. Kila hatua ilinipa ahueni siku ile, na kila ahueni ilinifundisha uongo uleule: kwamba nimenusurika kwa sababu nimeepuka. Nisipoingia, sitajua kamwe kwamba ningeingia na nisife. Muhula ulipokwisha nilikuwa nimekaribia kuandika barua ya kuahirisha masomo, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwa nini. Nina hakika kwamba wapo wengine walioiandika barua hiyo, nasi tukasema tu kwamba fulani ametoweka.

Historia kwa ufupi

Jambo hili si zao la maisha ya kisasa. Mnamo mwaka 1871, daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo. Wanajeshi hao walilalamikia mapigo ya moyo na maumivu ya kifua, ilhali mioyo yao haikuwa na kasoro ya kuonekana. Katika kipindi hichohicho, Carl Westphal wa Berlin aliandika kuhusu watu walioshikwa na hofu kuu walipotaka kuvuka viwanja na mitaa. Mwaka 1895 Sigmund Freud aliitenga hofu ya namna hii na uchovu wa neva, magonjwa ambayo hapo awali yalichanganywa. Katika miaka ya 1960, Donald Klein wa Marekani alibaini kwamba dawa iitwayo imipramini ilizuia mashambulio yenyewe, na kutokana na hilo akadai kuwa haya ni maradhi ya aina yake. Hatimaye, mwaka 1980, ugonjwa huu ulipewa jina lake rasmi katika mwongozo wa Marekani.

Kutoka Da Costa hadi jina hilo rasmi ni zaidi ya miaka 100. Sisi watumiaji wa Kiswahili tusione haya kwamba bado tunalisaka jina letu.

Suala la istilahi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya hofu. Lililopo ni kwamba kila neno tayari lina kazi yake. Wasiwasi na wahaka ni hali za kudumu, ambazo huweza kumwandama mtu siku nzima pasi na kilele. Jakamoyo nalo ni la namna hiyo. Fadhaa humaanisha kuchafukwa na mawazo, lakini haibebi ndani yake maana ya moyo kwenda mbio. Taharuki lingefaa, hasa kwa kuwa asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutikisika. Hata hivyo, katika fasihi tumekwisha kulifanya istilahi ya kumtia msomaji hamu ya kujua litakalofuata, na katika habari hutumiwa zaidi kwa makundi ya watu. Kiwewe ndilo lililo karibu mno kimaana, lakini siku hizi linazidi kutumiwa kwa jeraha la nafsi linalobaki baada ya mkasa. Tukilitumia kwa yote mawili tutawachanganya wagonjwa na matabibu.

"Shambulio la hofu" ndilo linalosikika zaidi, nami nimelitumia. Lina ila moja: hudokeza kwamba adui ametoka nje, ilhali aliyepiga kelele ni mlinzi wetu wenyewe. Kwa upande wa kitenzi, ningependekeza "kupandwa na hofu", kwa mlingano na "kupandwa na hasira" na "kupandwa na mori". Kuna atakayepinga kwamba "kupandwa" hukumbusha pepo, na pingamizi lake lina uzito. Ila kitenzi hiki kina faida ambayo shambulio halina: kilichopanda hushuka. Mgonjwa anayesema "nimepandwa na hofu" amejiambia, bila kujua, nusu ya tiba yake. Ugonjwa wenyewe ningeuita "ugonjwa wa mashambulio ya hofu". Ninayatoa mapendekezo haya kwa wahadhiri na wanachama wenzangu ili yajadiliwe, na wenye bora zaidi walete.

Tiba

Ugonjwa huu hutibika, tena vizuri. Tiba ya kwanza ni ya mazungumzo, ambayo mwanasaikolojia humsaidia mgonjwa kuzirekebisha fikra na mienendo yake, aghalabu katika vikao kumi na kitu. Sehemu yake ya kushangaza ni pale mgonjwa anapoelekezwa kuzizua dalili kwa makusudi: kukimbia papo hapo, kuzunguka kitini hadi kichwa kizunguke, au kupumua kwa kasi kwa dakika moja. Lengo ni mwili ujifunze kwa vitendo kwamba moyo kwenda mbio si kifo. Kisha huanza kuyarudia, hatua kwa hatua, yote aliyokuwa akiyaepuka. Mimi nilianza na matatu yenye nafasi, kituo kimoja tu.

Tiba ya pili ni dawa. Zinazotangulizwa ni zile zinazotumiwa pia kutibu sonona, kama vile setralini na fluoksetini. Huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, na hazifai kukatizwa ghafla bila ushauri wa daktari. Dawa za kutuliza kama diazepamu hufanya kazi upesi, lakini huzoeleka na kumfanya mtu mtumwa wake, kwa hivyo asijinunulie mtu dukani.

Na je, hofu ikipanda sasa hivi? Usiikimbie wala usipigane nayo. Jiambie: hii ni kamsa, hamna mwizi, na itashuka. Punguza kasi ya kupumua, na utoaji wa pumzi uwe mrefu kuliko uvutaji. Ule mtindo wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi haupendekezwi tena, kwani huweza kumdhuru mwenye pumu au ugonjwa wa moyo. Kama unaweza, baki pale ulipo hadi kilele kipite.

Ikiwa aliyepatwa ni mwenzako, usimwambie "tulia" kana kwamba amekataa kutulia. Waondoe watazamaji, keti naye, sema naye kwa sauti ya chini, na pumua polepole ili akufuate. Ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpeleke akapimwe. Akiambiwa hana kitu, usimwache aende nayo kauli hiyo peke yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba shambulio la hofu ni kamsa ya mwili usio na kasoro, na kwamba huwa ugonjwa pale mtu anapoanza kuiogopa kamsa yenyewe na kuyapunguza maisha yake ili asiisikie. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Maradhi haya hayaui, lakini anayeyaficha huumbuliwa na viti vitupu: darasani, matatuni, na hatimaye katika orodha ya mahafali.

Muhula uliopita nilisimama tena mbele ya darasa. Katikati ya wasilisho moyo ulianza mbio zake. Nilinyamaza kidogo, nikameza mate, nikawaambia wenzangu, "Nimepandwa na hofu, nipeni dakika moja." Hakuna aliyecheka. Walingoja, nami nikaendelea kutoka pale nilipoachia.